Doa Jekundu kwenye Goti la Rasoa

Nichekeni tu. Binti yangu Nekesa ni askari. Kazini alipewa tochi ya kufungwa kwenye bunduki aijaribu, akaiacha mezani kwangu, mtaani Umoja. Mchana huo Mwikali na Truphena, wenzangu wa kanisani, wakaja na mwenzetu Rasoa tumwombee, kwa kuwa aliogopa kupasuliwa goti kesho yake. Stima ikapotea. Chumba changu kina giza, basi nikabonyeza vitufe vyote vya tochi. Mwanga ukajaa, na doa jekundu likatua kwenye goti la Rasoa.

“Bwana ameligusa!” nikapiga kelele. Wote wakalia, mimi nikiwashinda.

Nekesa akaingia. “Mama, zima! Hiyo ni leza ya kulengea shabaha!”

Nikajifunika uso kwa leso. Rasoa alicheka mpaka akashika mbavu.

“Usizime, dada. Woga umeniisha. Kesho naenda.”