Mlango wa Gari la Mchangani

Fundi Kobe alipata jina lake kwa gari moja chakavu lenye mgongo kama wa kobe. Enzi za ujana wake alilivua bodi, akakata sakafu akaichomelea upya iwe fupi, juu akaweka bodi ya faiba mfano wa beseni. Taa zilitoka kwenye pikipiki, usukani kwenye teksi mbovu, viti alishona mkewe. Injini ilikaa nyuma, wazi, ikinguruma kama ina ugomvi na dunia. Jumapili yeye na mkewe walipanda vilima vya mchanga nje ya mji, wakarudi na mchanga hadi masikioni.

Milango haikuwepo. Uliruka ubavu, ukatumbukia kitini.

Sasa nyonga ya mkewe imekwisha. Fundi na binti yao walipojaribu kumnyanyua kumvusha ubavu, alilia kwa sauti, naye si mtu wa kulia.

"Mzee, nitobolee mlango," akasema. "Nifike mchangani mara moja tu, kisha nilale zangu nisikusumbue."

Fundi akajikuna kichwa. Ubavu ule ndio uliosaidia kushika mshono wa sakafu. Alijua. Akajipa moyo kwamba kipande cha bomba akikichomelea chini kitatosha. Akawasha grainda, akakata ubavu, vumbi jeupe likamjaa kwenye kope.

"Leo ndo umezeeka kweli," mkewe akamcheka.

Mlango ulipokamilika, binti akamshika mama yake mkono, na mama akaingia taratibu, bila kulia.

"Utadhani bibi harusi!" binti akatania.

"Bibi harusi gani ana fimbo? Kafungue geti huko."

Fundi akashika usukani, akaondoa gari. Gurudumu la mbele lilipopanda kizingiti cha geti, chini yao kitu kikalia *kaa!* Sakafu ikabonyea hadi chini. Fundi akazima injini. Hakugeuza shingo.

"Imekatika," mkewe akasema. Sauti za gari lile alizijua kama za wanawe.

"Imekatika, mama. Ni mimi."

"Nani mwingine? Ningetaka mwenye akili, ningeolewa kwingine."

Hakuna aliyecheka. Binti alisimama ameshika geti, asijue afunge au aache.

"Washa tena," mkewe akasema.

"Haiendi popote."

"Najua. Washa."

Akatoa gia, akawasha. Migongo yao ikatetemeka kama zamani. Mkewe akafumba macho, akashika ukingo uliobaki.

"Kanyaga, mzee. Kilima hiki kirefu."

Fundi akakanyaga hadi mwisho, gari likiwa palepale, akiitazama barabara asiyoweza tena kuiona vizuri.