Ukelele Usio wa Duniani

Jamani, leo kuna vijana wamenikimbia mie bila hata kuniona!

Mwanangu Rehema katengeneza gemu ya simu. Unajificha, unatafuta chakula, huku dude kubwa lililoshuka kutoka nyotani linakusaka. Kichwa hicho kakizaa nani? Mie, wa Mbagala, darasa la saba!

Mchana tumekaa tunasoma maoni ya wachezaji. Rehema kila oni analirudia mara mbili, maana gemu hiyo kaihangaikia mwaka mzima.

Mmoja kaandika: "Dude likipiga ukelele wake natupa simu."

Mwingine: "Ukelele ule si wa duniani."

Nikasema, "Hebu niwekee niusikie."

Rehema akaanza kucheka. "Mama, usinune lakini."

Akaweka. Makubwa! Vigelegele vyangu!

Vile nilivyopiga siku anamaliza chuo. Kavirekodi, kavipunguza kasi, vikawa vizito.

Ninune? Nilimnyang'anya simu nikamjibu yule wa kwanza: "Mwanangu usiogope, ni mie Mama Rehema, nilikuwa na furaha tu."

Dakika mbili hazijaisha, kajibu: "Shikamoo mama. Narudi kucheza."

Nyie mlionisemaga harusini eti vigelegele vyangu vinatisha watoto, mpo?