Sauti ya Msusi Ndani ya Albamu ya Chiriku

Jamani, msusi amesema mwenyewe! Kwa mdomo wake, saluni imejaa, na Chiriku amekaa palepale kwenye kiti! Hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote vilivyotokea, ndiyo maana kimetangulia. Sasa tulieni mpate habari yenyewe.

Huyu msusi ana vidole vya ajabu, anasuka rasta nyembamba kama uzi huku anapiga stori. Ila stori zenyewe ni za kupokea tu. Mteja akishakaa, kichwa kikivutwa huku na huku, anamwaga yote: mume, mawifi, visa vya bosi. Msusi anaitikia, yanaingia sikio hili na hayatoki popote. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anamwambia ya kwake: Chiriku, mwimbaji, shoga yake tangu wakicheza kombolela. Chiriku akija kusukwa, kibao kinageuka: mteja anasikiliza, msusi anaongea. Simu ya Chiriku huwa mapajani inarekodi, maana alisema tuni humjia ghafla, anaogopa kuisahau. Msusi hakuwahi kuwaza mara mbili.

Hapo kwenye kiti ndipo alipomwambia kwamba mume wake hakusafiri kikazi. Alimwacha, basi. Wengine wote, hadi mama yake mzazi, walidhani yuko safari.

Albamu ya Chiriku ikatoka. Yote mahusiano, lakini si ya kuruka. Polepole, gitaa moja, mtu anajiuliza maswali na kujijibu. Msusi akaiweka saluni, wateja wakanuna.

"Dada, hiyo ni albamu au ni msiba?" akauliza muuza viatu wa duka la jirani, kichwa nusu kimesukwa. "Weka ya kuchezeka, nasinzia."

"Sinzia tu, hutatingisha kichwa. Isikilize taratibu, itakuingia."

"Imeingia, ikatokea upande wa pili."

Msusi hakuitoa. Shoga ni shoga. Aliipiga kutwa, akamtumia kila mteja, akamtumia na mama yake. Na kweli, yaani, ikaanza kuwakolea. Muuza viatu yuleyule akawa anaimba vipande akipanga viatu vyake. Wimbo mmoja alikuwa anaurudia mpaka majirani wakamwambia apunguze.

Asubuhi moja, wateja hawajafika, msusi akavaa hedifoni huku anachambua rasta. Ikafika kwenye wimbo wa mwisho, ule ambao watu huwa hawaufikii. Chini kabisa ya gitaa, pale ambapo spika ya saluni hukoroma tu, kuna mwanamke anaongea. Akarudisha nyuma. Akarudisha tena.

"Nilimtengea chai. Akanywa, akasema nakwenda. Mimi nikamwambia, uwahi kurudi."

Ni sauti yake. Hata kichana kinasikika kikigonga kiti.

Kikulacho ki nguoni mwako, sawa, lakini wahenga hawakusema kitakupigia na gitaa. Na kilichomkata maini zaidi ni kwamba aliyeisambaza ni yeye, mkono wake mwenyewe, akibembeleza watu wasikilize mpaka mwisho.

Jumamosi Chiriku akaja kusukwa kwa ajili ya shoo. Saluni pomoni, watu wanapiga naye picha. Msusi akasuka kimya.

"Shoga, leo umemeza nini?"

"Simu yako iko wapi?"

"Hii hapa mapajani."

"Izime kwanza."

Chiriku akacheka, kisha akaacha. Akashusha sauti. "Umefika wimbo wa mwisho."

"Nimefika."

"Nilitaka kukuambia. Niliogopa utakataa."

"Kwa hiyo ulijua nitakataa."

Chiriku akaangalia kucha zake. "Ndio mzuri kuliko zote, shoga. Watu wanalia. Na hakuna atakayekujua."

"Mama yangu ananijua hata nikikohoa. Itoe."

"Haitoki tena. Imeshasambaa."

"Najua. Nimesambaza mimi."

Nyuma yao muuza viatu alikuwa anasubiri zamu yake, hedifoni mkononi. "Dada, nimebakiza huu wa mwisho tu. Ngoja niumalize nikupe ripoti."

Msusi hakuachia rasta aliyoishika. Akasema kawaida tu, kama mtu anayeomba kichana. "Utasikia mwanamke anaongea. Ni mimi. Mume wangu hakusafiri, ameniacha. Mama nimeshampigia. Na ninyi nawaambia mwenyewe, msije mkaambiwa na wimbo."

Muuza viatu akakunja hedifoni akazitia mfukoni. "Basi siusikilizi."

"Usikilize. Ni mzuri. Ndicho kinachoniuma."

Akamalizia kichwa cha Chiriku chote. Akachovya ncha za rasta kwenye maji ya moto zisifumuke, akamfuta shingo, akakunja taulo. Kazi safi, hakuna hata msuko mmoja uliokwenda upande. Chiriku anajitazama kwenye kioo, machozi yanamtoka.

"Nikija tena utanisuka?"

"Nitakusuka. Kiti ni cha kila mteja."

"Na tutaongea?"

"Wewe utaongea," msusi akasema, akamwita muuza viatu aje akae.

Ukishaisoma, naomba umtumie na mwenzako.