Siku Niliyoshindwa Kuzama Lamboni

Jamani, hili nataka mlisikie kutoka kwangu, kwa sababu akilisimulia mume wangu huwa analitia chumvi, na lenyewe halihitaji chumvi hata chembe. Mimi, Mama Rukia, muuza kamba na kofia ngumu za wachimbaji pale Segese, mwanamke mzima mwenye duka la milango miwili, niliaibika mbele ya mama mkwe, mbele ya majirani zake wote wa Samuye na mbele ya kundi zima la ng'ombe (hao peke yao ndio hawakunicheka), na hakuna aliyenisukuma, nilijipeleka kwa miguu yangu.

Chanzo ni harusi ya binti wa shangazi, Unguja. Upande wa baba mimi ni mtu wa pwani, lakini nimezaliwa Shinyanga mjini na maji mengi niliyokuwa nimeyazoea ni ya pipa. Basi harusi ilipokwisha binamu zangu wakasema twende tukazamie tuone samaki, nikakabidhiwa kwa binti mmoja anaitwa Zuhura, kazi yake ni kuongoza wageni chini ya maji, mwembamba, mpole, ukimwona hudhani ana nguvu ya kubeba hata ndoo. Siku tatu alinifundisha kwenye maji mafupi, kisha tukashuka. Na nikisema tukashuka, mjue kila kitu alifanya yeye: alinivalisha ile suti ya mpira, akafunga mtungi wa hewa, akajaza sijui nini kwenye mifuko ya jaketi, akawa anabonyeza vitufe vya jaketi kunipandisha na kunishusha, na muda wote alikuwa amenishika mkanda wa bega, hakuniachia hata mara moja. Kila tukitoka ananiambia, "Dada, mimi nipo kwa ajili yako, lakini saa ya hewa iangalie mwenyewe, na kila ninachokufunga uniulize ni cha kazi gani." Nami natikisa kichwa, akili yote iko kwa samaki wa njano.

Nikarudi Segese na picha. Mle kwenye picha Zuhura yupo pembeni, nikamkata (nilimwona anaharibu mandhari), nikabaki mimi peke yangu katikati ya bahari, nimenyoosha mikono kama malkia. Wachimbaji wakija kununua kamba nawaonyesha, wakaanza kuniita Mama Bahari, nami naitika. Siku moja mteja akaniuliza kama huko chini hakuna mtu wa kumwongoza mtu. Hapo ndipo nilipokosea, na ni neno dogo tu. Nilisema, "Wapo, lakini wale ni wa wageni waoga."

Neno hilo lilifika Samuye kabla yangu.

Sasa niwaeleze kuhusu mama mkwe. Ni mama wa Kisukuma, mkulima, mtu wa maneno machache, na tangu nimeolewa na mwanawe, mwaka wa kumi na moja huu, alikuwa ananiona mimi ni mdomo wa mjini. Hajawahi kuniambia hivyo, ila nikizungumza sana huwa anainuka kwenda kuangalia kuku. Hajawahi kuniomba kitu, hata kumshikia ungo. Na hilo lilikuwa linaniuma kuliko nilivyoonyesha, kwa sababu mama yangu mzazi alishafariki na nilitamani sana huyu aliyebaki anipende.

Basi fikirini nilivyoruka siku alipopiga simu, akamwambia mwanawe kwamba pampu yake ya kumwagilia nyanya imeteleza kutoka kwenye mapipa yanayoelea ilipokuwa imefungwa, imezama katikati ya lambo, lile bwawa la kunyweshea ng'ombe, nyanya ziko kwenye maua na jua ni kali, kisha akasema, "Mwambie Mama Rukia aje. Si yeye ndiye mzamiaji?"

Aliniomba! Mimi!

Na vifaa vilikuwepo, ndiyo balaa lenyewe. Shemeji yangu Bundala, binamu wa mume wangu, ni mzamiaji wa kweli, anakagua nyavu za vizimba vya samaki kule ziwani upande wa Geita, na alikuwa ameacha mzigo wake stoo kwangu akisubiri usafiri. Nikampigia. Akasema, "Shemeji, ngoja Jumamosi nije mwenyewe na mwenzangu. Hata mimi sishuki peke yangu, na maji ya lambo hayaonyeshi kitu." Nikamjibu, "Shemeji, nimeshuka bahari ya chumvi, nitashindwa na lambo la ng'ombe?" Akasema usiguse. Nikasema sawa. Nikagusa. Nilichukua suti, jaketi, mtungi, miwani na viatu vile vya bata, ila kulikuwa na mkanda una vipande vya madini ya risasi, mzito ajabu, nikaona huu utakuwa wa nyavu, nikausukuma chini ya meza.

Samuye tulifika saa nne asubuhi. Nikapiga shikamoo, mama mkwe akaitika marahaba huku akinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ukingoni watu wamejaa, kuna waliobeba viti kutoka nyumbani. Nikajifungia kwenye gari nivae ile suti, nikajitazama, nikaona haiwezekani, ule mpira unaonyesha kila kitu na pale wamesimama wakwe watupu! Basi nikavaa dera juu yake, dera langu la maua makubwa, halafu jaketi na mtungi juu ya dera. Baba Rukia akaninong'oneza, "Mke wangu, una hakika?" Nikamwambia asinitie nuksi.

Nikaingia kinyumenyume kama tulivyofundishwa, nikafika maji ya kifua, nikauma mdomo wa kupumulia, nikajitupa mbele kwa mbwembwe zote. Sikuzama. Nikapiga miguu, sikuzama. Dera likajaa hewa likavimba mgongoni, nami nipo juu ya maji, nazunguka taratibu kama kibuyu. (Ile mizigo Zuhura aliyokuwa akiijaza kwenye mifuko ya jaketi, ndiyo ilikuwa ya kunizamisha. Na ule mkanda wa risasi chini ya meza, kazi yake ni hiyohiyo. Sikuwahi kuuliza.) Kisha mzee mmoja aliyekuwa ananywesha ng'ombe akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Kwani kuzamia siku hizi ni juu ya maji?"

Mtu mwenye akili angetoka hapo. Mimi nikaomba matofali. Wakaniletea manne, tukayafunga kwenye kitenge, nikajizungushia kiunoni, na safari hii nilizama, tena bila kuombwa mara mbili.

Kule Unguja chini ni bluu. Kule lamboni chini ni chai ya maziwa. Niliweka kiganja mbele ya miwani nisikione. Nikasema si kitu, pampu iko katikati, nitakwenda mbele, lakini mbele ni wapi? Zuhura ndiye aliyekuwa akijua mbele. Nikaanza kutambaa kwenye tope na matofali yangu, nikatambaa, nikatambaa, nikawa nahisi kina kinaongezeka, masikio yanauma (yalikuwa hayaumi, ni woga), nikatafuta saa ya hewa, imejibana ndani ya dera. Nikabonyeza kitufe cha kupanda, hewa ya jaketi ikatoka yote burururu, kumbe ni cha kushuka. Hapo nikajua mimi ni wa kufa, nitafia katikati ya lambo nikiwa nimefungwa matofali kama mwizi, Rukia wangu ataambiwa nini shuleni. Nikaanza kutoa shahada ndani ya ule mpira wa mdomoni, nalia machozi yanajaa kwenye miwani.

Ndipo mkono ukanishika bega.

"Simama, ng'wana wane," nikasikia sauti ya mama mkwe, ananiita mwanangu kwa Kisukuma. "Maji yamekuishia."

Nikasimama. Yalinifika magotini. Nilikuwa nimezunguka bila kujua nikarudi mpaka upande wa kunyweshea ng'ombe, na kwa muda mrefu tu kijiji kizima kilikuwa kinauona mtungi wangu ukitembea juu ya maji kama mgongo wa kobe, wakiniita nisiwasikie, mpaka mama mkwe akapandisha kanga yake akaja kunifuata. Ng'ombe mmoja alikuwa ananinusa viatu. Watu walicheka jamani, walicheka wakashikana, Baba Rukia alikwenda kucheka nyuma ya gari ili nisimwone, nikamwona. Mama mkwe peke yake hakucheka. Alinifungua matofali moja moja, akasema, "Twende ukanywe uji."

Usiku ule sikulala vizuri, si kwa kicheko cha watu, hicho kinazoeleka. Nilikuwa nawaza kwamba mara ya kwanza ameniomba kitu, nami nimemwonyesha kuwa alikuwa sahihi kuhusu mdomo wangu.

Jumamosi Bundala akaja na mwenzake. Akakagua mtungi wake, akaniuliza mkanda wa risasi uko wapi, nikamwambia chini ya meza Segese, akavaa mwingine aliokuja nao. Mwenzake akavaa kila kitu akakaa ukingoni, tayari. Halafu Bundala, mzamiaji wa miaka yote hiyo, akajifunga kamba kiunoni, akanipa mimi ncha ya pili. "Shemeji, shika hii usiiachie. Nikivuta mara mbili, nivute." Pampu ilitoka siku ile, fundi akaikausha na kuisafisha ikawaka, na nyanya nyingi zilipona. Lakini ninachokikumbuka ni kabla haijatoka, nimeshika kamba kwa mikono yote miwili, mama mkwe kaja kushika nyuma yangu.

"Hata huyu anashikwa?" akaniuliza.

"Hata huyu, mama."

"Na wewe kule baharini, nani alikushika?"

Ningeweza kusema chochote. Watu walikuwa mbali, Bundala yuko chini.

"Binti mmoja anaitwa Zuhura," nikasema. "Alinishika mwanzo mpaka mwisho, mama. Mimi sijui kuzamia. Nilisema uongo."

Nilisubiri ainuke aende kuangalia kuku. Hakwenda. Alisogea akaniegemea begani, akakaza kamba.

"Ungesema tangu mwanzo," akasema. "Ningekushika mimi."

Nililia palepale, kamba mkononi, na Bundala akavuta mara mbili sikumsikia mpaka mama mkwe aliponipigia kelele nivute. Kwa hiyo msinisikie tena nikisema waongozaji ni wa waoga. Nikirudi Unguja namtafuta Zuhura kwanza, namwomba msamaha, kisha namuuliza kila anachonifunga ni cha kazi gani, na saa ya hewa naisoma mwenyewe, lakini mkono wake nauacha hapohapo begani.