Usaili Nilioufanyia Juu ya Kichwa cha Baba Mkwe

Kijiji kizima huku kwetu Itiryo wanalijua hili, kwa hiyo sina cha kuficha, na ninyi kama mnataka kucheka chekeni sasa hivi mmalize, maana mimi mpaka leo nikilikumbuka sicheki, nawaka hasira. Mimi mama Bhoke, mke wa mtu, mwenye diploma yangu, nilikutwa juu ya paa la nyumba ya baba mkwe nimevaa bukta ya mume wangu, na baba mkwe mwenyewe amekaa chini yangu na wageni wake. Na chanzo chake ni vaifai.

Mume wangu ni fundi, tena fundi anayesifiwa. Tarime mjini ukiona duka lina intaneti inayokimbia, uliza nani kaifunga, utatajiwa yeye. Lakini nyumbani kwake? Sisi tumejenga bondeni kidogo, nyuma ya mwamba, ukuta wa tofali za kuchoma na bati juu, rauta ya laini ya simu ukiiweka sebuleni inashika mstari mmoja, ukifunga mlango na huo mmoja unaondoka. Dawa aliitaja mwenyewe, kwamba rauta ipandishwe kwenye mlingoti wa antena juu ya paa la nyumba kubwa ya baba yake, ambayo iko juu ya yetu, halafu mtandao utushukie. Nikimwambia basi panda ufunge, ananijibu, "Kesho, mama Bhoke." Wanasema mganga hajigangi, sawa, lakini huyu hata mkewe hamgangi!

Sasa nikaitwa kwenye usaili. Kazi ya kupokea simu za wateja ukiwa nyumbani kwako, ofisi yenyewe iko Mwanza, na usaili wenyewe ni kwa video, saa nne asubuhi. Tangu nimzae Bhoke nimekaa na cheti kwenye sanduku, nachunga ndama na kupepeta ulezi, na hii ndiyo kazi ya kwanza kuniita. Walichosisitiza ni kimoja tu, mtandao wa nyumbani usikatike. Mume wangu akaapa kwamba jioni ya kuamkia siku hiyo atakuja kufunga. Hakuja. Asubuhi akapiga simu, "Nimepata kazi ya haraka huku, jaribu kukaa karibu na dirisha." Dirisha! Nilitamani kumtupia simu kichwani, ila ndiyo simu ya usaili.

Nikaona wacha nipande mwenyewe, si dakika chache tu? Baba mkwe alikuwa ameondoka alfajiri na dume lake kwenda mnadani, mama mkwe yuko shambani, nani ataniona? Nilishavaa kwa ajili ya video, juu blauzi nyeupe na hereni, nikavua sketi nikavaa bukta (hutapanda ngazi na sketi ya kubana, na hao wa Mwanza wataniona kuanzia kifuani tu), nikaegemeza ngazi nyuma ya nyumba kubwa, nikapanda na rauta, pawabenki na simu, nikaifunga ile rauta kwenye mlingoti kwa mtandio wangu. Jamani, taa zikawaka kijani zote! Mtandao umejaa mpaka nikasikia uchungu, yaani kitu chenyewe ndicho hiki nimekililia siku zote hizo?

Nageuka nishuke, ngazi hakuna.

Kumbe baba mkwe alikutana njiani na wazee waliotoka Kenyamonta kumposa wifi yangu Ghati, wamewahi kuliko walivyoahidi, akageuza nao nyumbani na kumpigia mama mkwe simu arudi apike. Mama mkwe naye kafika mbio, kaiona ngazi nyuma ya nyumba, kaibeba kwenda kushushia ulezi ghalani, wala hakuinua macho. Wazee wakaketi barazani, chini yangu kabisa. Namsikia mama mkwe ananiita, "Mama Bhoke! We mama Bhoke! Huyu mtoto wa watu ameenda wapi na wageni wamekuja?"

Ningeitika vipi? Kwetu Wakurya kuna ensoni, ile heshima ya aibu kati ya mke na baba wa mume wake. Sikai naye, sili mbele yake, simpi hata mkono. Leo niko juu ya kichwa chake, na bukta! Nikalala kifudifudi kwenye bati, na lile jua bati linachoma, nikajisemea watakunywa togwa waende zizini kutazama ng'ombe, nitashuka.

Simu ikalia. Saa nne.

Nikapokea kwa kunong'ona. Akatokea dada mmoja mwenye miwani, pembeni yake kaka wa tai. "Dada, hatukusikii, ongeza sauti." Nikanong'ona tena. "Mtandao wako ni mzuri sana, ila sauti hatuipati. Kama huwezi kuongea tumwite anayefuata."

Anayefuata! Hapo hasira zote za dirisha na kesho zikanipanda, nikasema liwalo na liwe, nikakaa kitako kwenye bati nikatoa sauti, "Shikamooni! Naitwa mama... samahani, naomba nianze upya!" Huko barazani mazungumzo yakakatika.

"Mteja akikupigia anakufokea, utafanyaje?" akauliza yule kaka.

"Nitamsikiliza kwa utulivu mpaka amalize," nikajibu, na wakati huohuo baba mkwe anamfokea mkewe huko chini, "Nani yuko juu ya kichwa changu? Mama Chacha! Ni nani huyo?" Mzee mmoja wa Kenyamonta akatoka uani kuchungulia, akaniona na magoti yangu, akafunika macho kwa kofia. "Ee tata! Ni mwanamke!"

Baba mkwe alipojua ni mimi hakunitazama wala hakunisemesha, akageukia ukuta akaongea na mke wake, "Mwambie aliye huko ashuke, na asishuke tukiwa hapa." Wazee wote wakahamia zizini wakatupa mgongo, na mama mkwe akaleta ngazi huku analia. Yule dada wa miwani alikuwa ameshaona na kusikia yote. Akasema, "Tutakupigia."

Wageni waliondoka bila kula. Ghati alilia siku nzima, na posa haikuendelea mpaka alipochinjwa mbuzi wa kusafisha aibu hiyo, wazee wakasema maneno yao. Wote walinisema mimi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza fundi alikuwa wapi. Mwenyewe akaja jioni na pikipiki yake, neno lake la kwanza, "Si ungenisubiri?" Nikauweka chini kwanza mwiko niliokuwa nao, nisije nikamjibu kwa huo.

Mwanza walipiga. Wakasema majibu yangu ni mazuri, mtandao ni mzuri, ila mazingira ya nyumbani kwangu hayana utulivu, kazi wamempa mwingine.

Kesho yake mume wangu akapanda, akafunga rauta vizuri na chuma chake, anapiga mluzi, na chai ya asubuhi ilikuwa haijapoa akashuka. Muda wa kikombe cha chai! Huo ndio alioninyima mpaka nikafukuzwa kwenye kazi ambayo sijaanza. Halafu akajinyoosha kwenye kochi anaangalia mpira, watoto wa mji mzima, yaani boma letu lote, wamejaa na katuni, hata mzee kule kwake anasikiliza ibada kwenye simu, wote wanaisifu intaneti.

Paa la mkwe sipandi tena hata nyumba iungue. Lakini nimeomba kazi nyingine, na wameniita kwenye usaili wa video, na mtandao huu tukiutumia wote hautanitosha. Juzi nikabadilisha namba ya siri ya hiyo vaifai, mji mzima ukazimika kwa pamoja. Mume wangu akabembeleza, nikamjibu, "Kesho." Mzee, ambaye hawezi kunisemesha, akamtuma mama mkwe mlangoni kwangu, "Baba yenu anauliza hiyo namba."

Nikamwambia kwa heshima zote, "Mama, mwambie baba shikamoo, na namba atapewa Ijumaa, usaili wangu ukishapita."