Nyumba ya Mwabungo

Mwanatumu alikuwa akifunga mwani kwenye kamba pale Kibuyuni alipopigiwa simu na Nassir, mtoto wa kaka yake.

"Shikamoo shangazi. Baba ametutoka."

"Inna lillahi," alijibu, akamalizia fundo alilokuwa amelishika.

Zamani, kwa miaka minane, Mwanatumu alimuuguza baba yake katika nyumba ya Mwabungo. Mzee akaandika wasia kwamba nyumba iwe ya Mwanatumu. Katika dini, mrithi hausiwi mali mpaka warithi wenzake waridhie, na Boga, kaka yake wa pekee, aliridhia kwa kinywa chake kando ya kitanda cha mzee. Baada ya matanga ya mzee, mbele ya kadhi, akakana. "Sikusema," alisema, macho sakafuni. Wasia ukabatilika. Boga akampa thamani ya fungu lake, akabaki na nyumba. Hawakusemezana tena.

Alipofika Mwabungo, Mwanatumu alimkuta Boga amelazwa chumba kile kile cha baba yao, amekwisha kukafiniwa.

"Shangazi, msamehe," Nassir alimsihi. "Wiki nzima alikuwa akikutaja."

"Mbona hakunipigia?"

"Aliona haya."

Aliutazama uso wa nduguye, na pua ile ya baba yao. "Nyumba nimemsamehe," alisema. "Lakini alipokana, alimsingizia mzee aliye kaburini kwamba aliusia bila ridhaa. Hilo si langu kulisamehe."

Akamfunika uso. Wanaume wakaingia, wakamtia kwenye jeneza, wakambeba kwenda kumswalia na kumzika. Mwanatumu akabaki na wanawake wenziwe mpaka waliporudi, miguu imejaa udongo.