Chungu Nilichokigonga Makumbusho

Siku niliyoripoti kazini, katika shule ya msingi ya milimani Kilosa, Mwalimu Mkuu aliisoma barua yangu mara mbili, kisha akauliza kama sina somo jingine zaidi ya Stadi za Kazi. Nilimjibu ninalo, lakini hilo ndilo nililoletwa kufundisha. Akanipa ndoo moja. Ilinitosha, maana udongo wa mfinyanzi ulikuwa bondeni.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi na niliyofundisha yalitoka kwake: kuponda udongo, kuuchanganya na vigae vilivyosagwa ili chungu kisipasuke motoni, kukisugua kwa kokoto mpaka king'ae. Na kukigonga. Sokoni kwetu hakuna anayenunua chungu kabla ya kukigonga kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia. Chenye ufa huitika kama boga bovu.

Nilipohamishiwa Mikumi nilianza kung'ang'ania safari ya Dar es Salaam. Watoto wa pale wameona tembo kando ya barabara tangu wakibebwa mgongoni, lakini hawajaona kazi ya mikono kama yao imewekwa mahali pa heshima. Mwalimu Mkuu wa Mikumi, mzee asiyependa maneno mengi, alinikatalia miaka mitatu. Mwaka wa nne alisaini kibali bila kuinua macho.

"Lalamiko moja tu likinifikia, mwalimu, safari hizi zimekwisha."

Mkosaji nikawa mimi. Katika jumba kubwa la makumbusho tulipita vinyago, tukapita picha za rangi ambazo watoto walizisogelea mpaka pua zikakaribia kuzigusa, tukafika kwenye chungu cha kwetu, kimewekwa wazi juu ya meza. Niliwaonya watoto wasiguse kitu. Papo hapo mkono wangu ukaenda wenyewe, ukagonga mara mbili.

Mlinzi alimwita mhifadhi, yaani mtunzaji wa vitu vya pale, binti mdogo tu. Aliniamkia kwanza, ndipo akataka jina la shule. Niliona aibu mbele ya watoto wangu. Ningeomba radhi tukaondoka, lakini sauti niliyoisikia ilikuwa ya ufa.

"Andika jina la shule," nilimwambia, "na uandike kwamba chungu hiki kina ufa chini. Mkikiinua kwa kushika mdomo wake, mtabaki na mdomo tu."

Alileta tochi, akapiga magoti, akakichungulia kitako kupitia tundu la katikati ya meza. Ufa aliukuta. Alipoinuka aliomba nimfundishe kugonga.

Barua ilifika shuleni hata hivyo, aya moja ya lalamiko na moja ya shukrani. Mwalimu Mkuu alinisomea ya kwanza kwa sauti, ya pili akaisoma kimya. Mwaka uliofuata alisaini. Alisema watoto waende, ila mimi mikono niifunge kwa kanga.

Nikaenda nao kila mwaka mpaka nilipostaafu. Walimu vijana mnaonisoma, mikono ya mtoto hufundishwa na macho yake pia, na macho hayo lazima yasafirishwe.

Juzi mwalimu wa kike aliyechukua darasa langu alinipigia simu. Mwalimu Mkuu mpya ameifuta safari, anaiita matembezi tu. Binti wa watu alikuwa amekwisha kukata tamaa.

Nimemwambia asikate. Jumatatu asubuhi nitakuwa ofisini kwa mkuu huyo na vyungu viwili, kizima na chenye ufa. Nitamwomba avigonge kwanza, ndipo anikatalie.